Ana dhahabu ya Afrika, Olimpiki akaikosa: Tenisi ya kulipwa inaendaje?

Jioni ukipita vijiwe vya Mlandege hapa Iringa, stori ni zilezile: Simba, Yanga na Ligi Kuu ya England. Tenisi inatajwa mara chache, labda pale mtu anapokuta jina kama Krejčíková au Vondroušová kwenye mkeka wake wa kubeti. Kulitamka hawezi, ila anajua ni Mcheki.

Kuna jina jingine la kulijua, na hili ni la jirani zetu wa Kenya: Angella Okutoyi. Ukielewa safari yake, utaelewa kwa nini Wacheki wamejaa kwenye mkeka na sisi hatumo.

Okutoyi ni nani?

Alizaliwa Januari 2004, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki baada ya kujifungua, wakalelewa na bibi yao Nairobi. Bibi alikuwa akifanya kazi kwenye shule yenye uwanja wa tenisi, na hapo ndipo mabinti wakashika raketi wakiwa wadogo kabisa.

Januari 2022, kwenye mashindano ya vijana ya Australian Open, alimfunga Muitaliano Federica Urgesi. Akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana. Julai mwaka huohuo akatwaa kombe la wasichana wawili wawili pale Wimbledon, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Fainali ilikuwa ngumu: 3-6, 6-4, 11-9.

Machi 2024 akaongeza medali ya dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra, Ghana.

Sasa ilikuwaje akakosa Paris?

Hapo ndipo watu wengi huachwa njia panda. Dhahabu ya Accra ilimfungulia mlango wa Olimpiki ya Paris 2024, lakini mlango ulikuwa na sharti: mchezaji awe ndani ya 400 bora duniani ifikapo Juni. Okutoyi hakuwa ndani ya 400. Safari ikaishia hapo.

Bingwa wa Afrika anakosaje namba hiyo? Jibu ni pointi.

Pointi zinapatikana wapi?

Kwenye tenisi ya kulipwa hakuna kocha wa taifa anayekuita kikosini. Kuna orodha ya dunia, ya wanawake inasimamiwa na WTA. Unapanda kwa pointi, na pointi unazipata ukicheza mashindano yanayotambuliwa. Kila pointi inaishi wiki 52 tu, halafu inafutika. Ukikaa nyumbani unashuka, hata kama hakuna aliyekufunga.

Ngazi ya chini kabisa inaitwa W15. Zawadi yake ni dola 15,000, na wachezaji wote wanagawana hizo. Nauli, hoteli na chakula ni juu yako. Ukitolewa mapema, unarudi na hasara. Ngazi ya juu ni Grand Slam, ambako bingwa anavuna pointi 2,000.

Na lile kombe la Wimbledon? Mashindano ya vijana hayana fedha za zawadi, na pointi zake haziingii kwenye orodha ya wakubwa. Jina linakua, mfuko unabaki vilevile.

Mwaka 2023 Okutoyi alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, akawa anasoma huku akicheza. Tenisi ya chuo inampa mchezaji kocha, uwanja na mechi nyingi bila kuilemea familia. Shida ni moja: mechi za chuo dhidi ya chuo hazina pointi za WTA.

Wacheki wanatuzidi nini?

Nchi yao ina watu karibu milioni 11 tu. Lakini Petra Kvitová, aliyekulia mji mdogo wa Fulnek akifundishwa na baba yake, alibeba Wimbledon 2011 na 2014. Markéta Vondroušová akaibeba 2023, Barbora Krejčíková 2024.

Wana klabu hadi kwenye miji midogo, na mashindano yako karibu. Chukua umbali wa Iringa hadi Dar, kama kilomita 500. Mchezaji wa Prostějov, mji wenye klabu kubwa ya tenisi, akisafiri umbali huo kwa gari anaweza kufika Austria, Slovakia, Poland au Ujerumani, na kote huko kuna mashindano yenye pointi. Afrika, mashindano mengi ya W15 yanafanyika Monastir, Tunisia, na Sharm el-Sheikh, Misri. Kwa mtu wa Nairobi au Iringa, hiyo ni tiketi ya ndege kabla hujapiga hata mpira mmoja.

Kipaji kipo

Ushahidi? Rudi kwenye ile fainali ya Wimbledon 2022. Mmoja wa waliofungwa siku ile ni Victoria Mboko wa Kanada, binti wa wazazi waliotoka Kongo. Mwanzoni mwa 2025 Mboko alikuwa nje ya 300 bora. Akazunguka mashindano madogo akishinda, na Agosti akabeba kombe la Montreal kwa kumfunga Naomi Osaka kwenye fainali. Mwaka ukaisha akiwa ndani ya 20 bora.

Ule ulikuwa mchezo wa wawili wawili, na kila mchezaji ana njia yake. Lakini uwanjani siku ile, binti wa Nairobi hakuwa nyuma yake.

Kwa hiyo siku ukiona Mcheki mwingine kwenye mkeka, usidhani kwao watoto huzaliwa na raketi mkononi. Mashindano yako jirani na nauli ni ya gari. Kwetu mtoto akiwa na kipaji, swali la kwanza ni nani atamlipia tiketi.