Mafuta ya Manjano na Utafiti wa Saratani

Anayetembelea wagonjwa parokiani halikosi swali hili: je, manjano yanatibu saratani?

Rangi ya manjano inatokana na kurkumini, ambayo wengi wameisikia. Harufu yake ni jambo jingine. Inatoka kwenye mafuta yanayopatikana kwa kupitisha mvuke kwenye tunguu za mmea huo na kuupoza, na ndani yake zimo kemikali ziitwazo tumeroni. Katika maabara, tumeroni zimeua seli za saratani ya damu. Zimesaidia pia kurkumini kupenya kwenye seli za utumbo zilizooteshwa humo. Jambo lenye uzito, kwa sababu kurkumini ikiliwa peke yake mwili huinyonya kidogo mno.

Lakini seli zilizo kwenye kisahani si mtu. Kisahani hakina ini wala figo, na hata siki ikimiminwa humo itaua seli. Dawa ya kweli lazima ifike kwenye uvimbe kwa kiasi cha kutosha bila kumdhuru mgonjwa, na tumeroni hazijathibitishwa hivyo kwa binadamu. Kwa hiyo kumshauri mtu aache mionzi ili anywe manjano, hata kwa nia njema na sala, ni kumpotezea muda wa matibabu.

Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Vidonge ni habari nyingine: vimewahi kuumiza ini la baadhi ya watumiaji, na vinaweza kuzidisha nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda. Anayevitumia amweleze daktari wake, hasa kabla ya upasuaji.