Tangi la maji chumvi: la wazi au la mfuniko? Muulize mteja kabla hujamtumia bei



Mimi nauza matangi ya samaki ya vioo hapa Tabora, na wateja wengi nawapata mtandaoni. Leo naongelea kosa lililonila mtaji, ili wewe lisikukute.

Mteja mmoja mwenye mgahawa aliona kwenye ukurasa wangu picha ya tangi la wazi, halina mfuniko, taa inaning'inia juu. Akaniandikia, "Nataka hilo hilo." Lita 100, la maji chumvi. Nikamtumia bei, akalipa, nikapeleka. Sikumuuliza swali hata moja.

Wiki ya tatu simu ikaita. Samaki mmoja kakutwa sakafuni asubuhi, amekauka. Waliobaki hawali. Siku chache baadaye wote wamekufa, na walikuwa wametoka pwani, zaidi ya kilomita 800 kutoka kwetu. Nikamrudishia nusu ya pesa yake. Faida yote ikaondoka, na sehemu ya mtaji.

Tatizo lilikuwa nini? Maji yanapopungua kwenye tangi, chumvi haiondoki. Inabaki.

Piga hesabu nami. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Tangi la lita 100 lina kilo 3 na nusu. Zikikauka lita 10, chumvi ile ile imebaki kwenye lita 90, inakuwa karibu gramu 39 kwa lita. Mteja wangu alikuwa anaongezea maji ya chumvi kila yakipungua. Ukifanya hivyo mara mbili tu, umefika gramu 42. Hapo samaki wengi wanapata shida.

Ukiongeza maji yaliyokauka, ongeza maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa. Mwambie mteja hivyo siku ya kwanza, na umuandikie.

Na hapa kwetu kiangazi ni kikavu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa haina unyevu, vumbi ni la kutosha. Tangi la wazi linakauka haraka kuliko la pwani. Anayekopi ushauri wa Dar anajidanganya.

SASA CHAGUA HIVI

Tangi la wazi: hewa inaingia vizuri, maji yanapoa yenyewe joto la Septemba na Oktoba likipanda, na mwanga unafika wote chini. Anayefuga matumbawe analihitaji hilo. Ubaya wake: maji yanapungua kila siku, chumvi inaganda kwenye kingo na kwenye nyaya, vumbi linaingia, na samaki wanaoruka wanatoka.

Tangi la mfuniko: maji hayapungui sana, samaki hawatoki, na usiku wa baridi wa Juni na Julai joto linabaki ndani. Ubaya wake: kioo kikichafuka kwa chumvi kinazuia mwanga, kwa hiyo lazima kifutwe mara kwa mara. Na ukikifunga kabisa, hewa inakuwa shida, hasa umeme ukikatika na pampu ikasimama. Acha nafasi.

Njia ya katikati, ambayo ndiyo nauza zaidi sasa: fremu ya plastiki yenye wavu mwepesi wa plastiki. Hewa inapita, mwanga unapita, samaki harukii nje. Usitumie waya wa chuma, maji chumvi yataushika kutu. Ila kumbuka wavu hauzuii maji kukauka.

Wateja pia huniuliza, "Si kuna chumvi ya Uvinza hapo jirani, ninunulie nini ya dukani?" Kweli, chumvi ya Uvinza ilikuwa inapita njia hii tangu enzi za misafara ya Ujiji. Lakini ile ni ya kula. Maji ya bahari yana kalsiamu, magnesiamu na vingine vingi, kwa hiyo samaki wa baharini wanahitaji chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi.

Mteja akiona gharama ni kubwa, mimi humwelekeza kwa samaki wa Ziwa Tanganyika wanaotoka Kigoma. Wana rangi nzuri, wanapendwa na wafugaji wa nchi nyingi, na hawataki chumvi ya bahari. Ila na wao kuna wanaoruka, kwa hiyo suala la mfuniko lipo pale pale.

MASWALI MATATU KABLA YA BEI

1. Utafuga samaki gani, na wanaruka?
2. Nani ataongeza maji kila siku?
3. Umeme unakatika mara ngapi kwako?

Nikishapata majibu ndiyo natuma picha mbili, ya wazi na ya mfuniko, kila moja na bei yake. Oda zinachelewa kidogo, lakini hakuna tena aliyenidai pesa yake.

Wewe unauza nini? Swali gani ungemuuliza mteja lingekuokoa hasara? Andika hapo chini tujifunze.