Timbo Lililogeuka Msitu



Je, umewahi kuona shimo kubwa lililoachwa baada ya mawe kuchimbwa? Maji ya mvua hutuama humo. Mbu huzaliana. Mbuzi huanguka, na hata watoto. Watu hupita na kusema, "Ardhi hii imekufa."

Leo tutatembelea mahali palipokuwa hivyo. Sasa ni msitu. Panaitwa Haller Park, huko Bamburi, kaskazini ya mji wa Mombasa nchini Kenya.

Jiwe lililokuwa hai

Bustani hii imo ndani ya timbo la zamani. Timbo ni mahali pa kuchimba mawe. Ukifika, tazama jiwe kwa karibu. Utaona vitundu vidogo vingi. Pengine utaona na makombe. Hayo ni matumbawe ya kale.

Matumbawe hujengwa na wanyama wadogo sana wa baharini. Kila mmoja hujijengea nyumba ngumu ya chokaa. Akifa, nyumba yake hubaki, na wengine hujenga juu yake. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko leo. Maji yaliposhuka, matumbawe yalibaki nchi kavu yakawa mwamba.

Watu wa pwani wamelitumia jiwe hili tangu zamani. Walijengea nyumba na misikiti. Walilichoma wakapata chokaa. Wareno nao walilitumia walipoanza kujenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593.

Mwaka 1954 kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji. Saruji hupatikana kwa kuchoma jiwe la chokaa pamoja na udongo maalumu, kisha kusaga. Basi mawe mengi yalichimbwa. Lilibaki jangwa jeupe. Udongo haukuwapo. Jua lilikuwa kali, na maji ya chini yalikuwa na chumvi.

Msitu ulivyoanza

Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Ni aina 3 tu zilizostahimili. Mmoja wa miti hiyo ni mvinje.

Mvinje una msaada wake. Katika mizizi yake huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuupa mti chakula.

Lakini palitokea shida. Majani ya mvinje yalianguka yakakauka, wala hayakuoza. Bila majani kuoza, udongo hauwezi kupatikana. Ndipo jongoo wakaletwa. Jongoo walikula majani makavu, na mavi yao yakawa mbolea. Haba na haba hujaza kibaba. Udongo ukaanza kuonekana, na miti mingine ikapandwa.

Mwaka 1984 wageni walianza kukaribishwa. Leo utaona twiga, viboko, mamba na kobe wakubwa. Ukienda, usivunje wala kuchukua mawe. Waachie na wengine waone.

Sisi tufanye nini?

Kiwanda kina fedha na wafanyakazi wengi. Sisi kijijini tuna majembe yetu. Hata hivyo, tunaweza kufanya haya:

1. Kabla ya kuchimba mawe, weka kando udongo wa juu. Huo ndio wenye rutuba.
2. Ukimaliza kuchimba, urudishe udongo huo. Fukia madimbwi ili mbu wasizaliane.
3. Panda kwanza miti migumu. Kwa watu wa pwani, mvinje unafaa.
4. Usichome majani yaliyoanguka. Usiwaue jongoo. Wanakufanyia kazi bila malipo.
5. Zuia mbuzi mpaka miti ikue.

Jiwe la matumbawe lilijengwa kwa maelfu ya miaka. Sisi hulimaliza kwa miaka michache. Tukichimba bila kurudisha kitu, watoto wetu watarithi shimo.

Maswali

1. Matumbawe hujengwa na nani?
2. Kwa nini jongoo waliletwa timboni?
3. Je, kijijini kwenu kuna shimo lililoachwa? Zungumzeni darasani mtalifanyia nini.