Kwa nini vifaa vya 1996 vingali ndani ya kompyuta mpya

Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP Aprili 2014, lakini zipo programu za kazi zisizokubali mfumo mwingine. Kompyuta yake ikifa, njia mojawapo ni QEMU, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, inayoigiza kompyuta nzima ndani ya nyingine.

Tatizo ni draiva. XP inavijua vifaa vya enzi zake tu. Kidhibiti cha diski kikibadilishwa ghafla, mfumo hugoma kuwaka na skrini hugeuka buluu. Ndiyo maana QEMU bado inaiga chipu za Intel 440FX za 1996.

Uaminifu huo una gharama. Mei 2015 lilitangazwa tundu la usalama, VENOM, katika kidhibiti cha kuigiza cha flopi. Lilikuwamo tangu 2004, hata kwa baadhi ya waliodhani flopi wameshaizima.