Siku mbili Kilwa wakati kontena linasubiri bandarini

MFANYABIASHARA kutoka Lubumbashi, Bujumbura au Kampala anayesubiri mzigo wake utolewe bandarini Dar es Salaam anajua jinsi siku za kukaa bure zinavyokula mtaji. Chumba cha Kariakoo kinalipiwa, chakula kinalipiwa, na wakala wa forodha anajibu kila simu kwa "kesho". Mbili kati ya siku hizo zinatosha kwenda Kilwa na kurudi.

Kilwa Masoko iko takriban kilometa 300 kusini mwa Dar es Salaam. Basi hupita daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji, kisha Somanga, na kwenye njia panda ya Nangurukuru hukata kushoto kuelekea baharini. Lami ipo, ila wakati wa masika ni vyema kuuliza kwanza. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilibomoa madaraja na kuikata barabara hiyo.

Masoko ni mji mdogo. Nyumba za wageni za bei nafuu ziko karibu na soko, lakini anayetaka kupumzika kweli ateremke hadi ufukwe wa Jimbizi. Huko hoteli zimejengwa zikitazama bahari, na baada ya wiki ya kelele za Kariakoo, kulala ukisikia mawimbi tu ni dawa. Chumba kiulizwe mapema, na bei ijadiliwe; huo ni ujuzi ambao wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kufundishwa.

Asubuhi kibali huchukuliwa Masoko kabla ya kuvuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Mwongoza wageni achukuliwe hapo hapo, kwani magofu hayana maelezo mengi na njia zinapita katikati ya mashamba na makazi ya watu.

Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa katika karne ya 16, inasimulia kwamba Ali bin Hasan Mshirazi alikinunua kisiwa hicho kwa nguo za kutosha kukizunguka. Iwe kweli au ngano, watu wa Kilwa walichagua kueleza asili ya mji wao kama mauziano.

Mashua hufika karibu na Gereza, ngome ambayo sehemu kubwa ya inayoonekana leo ni ya enzi ya Waomani. Mbele kidogo ni Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwa nguzo, matao na makuba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu mji na ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman.

Sultani huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya jabali upande wa mashariki. Wageni wengi hupiga picha bwawa la pembe nane na kuondoka. Mfanyabiashara asimame zaidi kwenye ua mkubwa wa kusini, uliozungukwa na vyumba ambavyo wataalamu wanadhani vilikuwa maghala. Nguo na shanga ziliingia Kilwa. Dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu zilitoka. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imeokotwa hadi Great Zimbabwe.

Ushuru nao ulikuwapo. Mreno Diogo de Alcáçova aliandika mwaka 1506 kwamba mfanyabiashara aliyeingia Kilwa alilipa mithkali moja ya dhahabu kwa kila nguo 500, kisha mfalme akachukua theluthi mbili ya bidhaa. Kilichobaki kilitathminiwa na kutozwa tena, na Sofala ikakatwa nguo moja katika kila saba. Kwa hesabu hiyo, mwenye nguo 500 alianza kuuza akiwa na nguo 150 hazifiki. Akirudi na dhahabu, alilazimika kupita Kilwa na kuacha mithkali 50 katika kila 1,000.

Taarifa hiyo ipokelewe kwa tahadhari, kwa kuwa Wareno walikuwa na sababu ya kumchafua mtawala waliyempindua. Francisco de Almeida aliuteka mji Julai 1505. Wareno waliondoka mwaka 1512, lakini biashara ya dhahabu ya Sofala haikurudi mikononi mwa Kilwa.

UNESCO iliyaingiza magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya hatari, huku mawimbi yakiila kingo ya kisiwa na kuta zikianguka. Yaliondolewa 2014 baada ya ukarabati.

Nahodha aulizwe mapema saa ya maji kupwa. Bahari ikikauka, abiria huvua viatu na kutembea majini hadi kwenye mashua, na simu yenye ujumbe wa wakala wa forodha ishikwe juu.