Neno la Kizuizi Ndani ya Pasipoti

Foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu, nikaanza kuisoma pasipoti yangu. Ukurasa wa mbele unaomba kwa Kiingereza, kwa jina la Rais wa Jamhuri ya Kenya, kwamba mwenye kuibeba aachwe apite bila "let" wala kizuizi. Nikakwama hapo. Tangu shule ya msingi najua "let" ni kuruhusu. Iweje niombewe kupita bila ruhusa?

Neno hilo halikunipa raha. Nilirudi nalo Mombasa, nikampelekea mzee mmoja aliyetumikia tafsiri ya maandiko kwa miaka mingi. Alivaa miwani, akasoma polepole, akaniita mwanangu. Akaniambia hayo ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja.

Kiingereza cha kale kilikuwa na "lætan", kuacha au kuruhusu, na "lettan", kuzuia. Hili la pili ni ndugu wa "late". Kiini chake ni kumchelewesha mtu. Karne zilivyopita, matamshi yakasogeleana hata yakawa sauti moja. Kitenzi cha kuruhusu kikabaki mitaani, cha kuzuia kikafifia.

Mzee akafungua Biblia ya King James ya mwaka 1611. Katika Kutoka 5:4, Farao anawatumia Musa na Haruni kitenzi hicho: anawashutumu kwamba wanawazuia watu wasifanye kazi zao. Katika Warumi 1:13, Paulo anaeleza kuwa alitaka mara nyingi kwenda Roma, ila mpaka wakati huo alikuwa amezuiwa. Hapo mzee alikaa sana, kidole kikiwa juu ya mstari. Anayesoma kwa Kiingereza cha leo humwona Paulo ameruhusiwa! Mfasiri akiteleza hapo, alisema, sentensi itatoka safi, sarufi haina doa, na ukweli umegeuzwa juu chini bila mtu kushtuka. Toleo la Agano Jipya lililosahihishwa mwaka 1881 liliweka kitenzi kingine hapo.

Shakespeare naye alikitumia. Hamlet, rafiki zake wakimshika asiufuate mzuka wa babake, anatishia kumuua atakayemzuia, kwa kitenzi hichohicho. Hata tenisi imelihifadhi neno hilo: mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukatua ndani ya eneo linalotakiwa, refa huita "let" na mpira hurudiwa, kwa kuwa wavu umeuzuia.

Nilimuuliza mzee kwa nini kuruhusu kulishinda kuzuia, na kwa nini nyaraka za serikali hulilinda neno ambalo wasafiri wengi hawalielewi. Alinyamaza. Mimi pia sina jibu.

Aliponirudishia pasipoti aliniachia wosia mmoja, nami naukabidhi kwako msomaji: usimtafsirie mtu neno la zamani kabla hujauliza umri wa neno lenyewe.