Volani kubwa ya kamioneti yetu



Kamioneti ya kikundi chetu mnaijua: ile Toyota Hilux ya zamani, rangi imeshapauka, inayotoka Kipushi asubuhi na magunia ya makala na mboga mpaka soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mwezi uliopita volani yake ilipasuka. Mama anayetuendeshea alikuwa anaifunga kwa kamba ya mpira, kilometa zipatazo 30 namna hiyo, huku watoto wa shule wanavuka barabara! Tukaamua gari lilale. Lakini gari likilala, mboga zinanyauka na pesa ya shule haiingii. Ilitubidi tuchague volani upesi, na tusikosee.

Vijana wetu walileta mashauri mawili. La kwanza, volani ndogo ya sentimita 30, kama ya magari ya mashindano. La pili, volani ya mnyororo wa chuma uliochomelewa na kung'arishwa. Zilipendeza, hatukatai. Na gari la zamani kama letu linakubali kubadilishwa, maana volani yake haina ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Gari lenye mfuko huo lisiguswe na mtu asiyelijua.

Lakini Hilux yetu haina pampu ya kusaidia kugeuza magurudumu. Nguvu yote inatoka mikononi. Basi tukafanya hesabu ubaoni. Volani iliyopasuka ilikuwa na sentimita 40. Kama kwa hiyo mkono unavuta uzito wa kilo 9, kwa ya sentimita 30 utavuta kilo 12. Kwa ya sentimita 45 utavuta kilo 8 tu. Gari likiwa limejaa magunia na linageuka polepole katikati ya wachuuzi, tofauti hiyo inaingia mabegani. Ule mnyororo nao unachoma mikono likikaa juani, na tulijiuliza: kiungo kimoja kikiachia njiani, tutashika nini?

Tukachagua ambayo hakuna aliyeiwaza: volani ya lori dogo, sentimita 45, nyeusi, bila urembo, tuliyoikuta kwa muuza vyuma vya zamani. Wanaume walicheka, eti tumeweka volani ya basi. Acha wacheke.

Kabla ya kulipa tulijaribu mambo manne. Meno ya katikati yaingie kwenye mti wa volani bila kulazimishwa kwa nyundo. Magoti ya dereva yasiguse. Macho yake yaone saa ya mwendo. Na gari lenye mzigo ligeuzwe mpaka mwisho, kushoto na kulia, uwanjani kwanza. Makanika alikaza nati, akarudisha waya wa klaksoni, na baada ya juma moja tulimrudia aikague tena ile nati. Msiruke hatua hiyo.

Kuna bei yake: volani kubwa inataka mikono izunguke mbali zaidi, kwa hiyo kwenye kona mama yetu anapunguza mwendo. Sisi tunaokaa nyuma juu ya magunia hatulalamiki.

Nyumbani jioni, wafundisheni watoto hesabu hii kwa mlango. Wausukume kwa kidole karibu na bawaba, halafu karibu na kitasa. Wakiuliza kwa nini kwa kitasa ni rahisi, waelezeni habari ya volani yetu. Na kikundi chenye gari la zamani kikitaka kubadilisha volani, kimuite kwanza dereva wake, akae, ashike, ageuze. Rangi na urembo vizungumzwe baadaye.